Hadtop ya 1996 kwa njia ya Matamba: ninunue au niache?

SWALI

Kamwene fundi. Mimi ni mama mfanyabiashara wa viazi mviringo, naishi Uyole. Nakusanya mzigo Matamba na vijiji vya juu kule, nashusha Uyole na Mwanjelwa. Nina Noah. Kiangazi inanivumilia, lakini masika inanitesa: napakia nusu, nakwama, nalala njiani. Sasa nimeletewa Land Cruiser hadtop ya mwaka 1996, injini 1HZ, iliwahi kuwa gari ya mradi, ipo Soweto hapa Mbeya. Dashibodi inasoma kilometa 214,000. Muuzaji anataka milioni 32. Mzee wangu nyumbani anasema gari ya umri huo ni kujitafutia presha, heri Prado ya dizeli ya 1998 aliyoiona kwa milioni 20. Akiba yangu yote ni milioni 36. Je, ninunue?

JIBU

Kamwene mama. Nianze na jibu lenyewe ili usisome moyo ukienda mbio. Kwa milioni 32, hapana. Kwa milioni 28 kushuka chini, na baada ya fundi wako kulala chini ya gari na kuiona chasisi kwa macho yake, ndiyo. Prado ya mzee ni gari zuri, ila ni gari la kazi nyingine. Hizo milioni nne zinazotenganisha ndiyo na hapana sikuziokota hewani, nitazieleza mbele.

Karibu kila anayeniuliza habari za Land Cruiser ya zamani huanza na injini. Injini ni nzima? Imeshafunguliwa? Inakula oili? Ni maswali ya haki, lakini kwa gari lenye umri wa karibu miaka 30, injini ni kitu cha tatu au cha nne katika orodha yangu ya hofu. 1HZ ni silinda sita, ujazo wa 4,164, haina turbo, haina kompyuta, na pampu yake ya dizeli ni chuma na springi tupu. Toyota walianza kuifunga mwaka 1990 na kwa zaidi ya miaka 30 wameendelea kuifunga kwenye Land Cruiser za masoko ya Afrika. Maana yake fundi wa Mbalizi anaijua, wa Makambako anaijua, na spea zake haziagizwi kwa maombi. Ikichoka inafunguliwa, inawekwa ringi na beringi, inarudi barabarani. Ni gharama, lakini ni gharama inayojulikana mwanzo na mwisho wake.

Chasisi ndiyo isiyo na mwisho. Chasisi iliyooza au iliyopinda utaichomelea leo, ikatike sentimita kumi pembeni mwezi ujao, na kila inapokatika inaondoka na springi, shokapu na siku zako za soko. Kwa hiyo mtu akikwambia "injini iko poa, sikiliza inavyounguruma", msikilize kwa adabu, kisha omba gari lipelekwe kwenye shimo la kukagulia.

Kabla ya shimo, tuzungumze biashara, kwa sababu hapa ndipo naona swali lako halijakamilika. Hadtop ya namba 75 imetengenezwa kubeba karibu tani moja, watu wakiwemo. Ukitoa wewe, dereva na kijana wa kupakia, unabaki na magunia saba, labda manane, ya kilo 100. Nasema gunia la kilo 100, sisemi lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Lumbesa, ukiacha kwamba Wakala wa Vipimo wameipiga marufuku, ndiyo iliyokata springi za nyuma za hadtop nyingi ninazoletewa, na wenye magari wanalaumu Mjapani.

Sasa safari. Uyole hadi Chimala, halafu kupanda kona za Hamsini na Saba hadi Matamba, kwenda na kurudi huwezi kutumia chini ya kilometa 150. 1HZ yenye mzigo kwenye mlima inakula lita moja kwa kilometa saba hivi. Hapo ni lita 20 na ushee kwa magunia manane. Chukua bei ya dizeli ya mwezi huu iliyotangazwa na EWURA, zidisha, gawanya kwa nane, uone kila gunia limebeba shilingi ngapi za mafuta kabla hujamlipa dereva. Kisha linganisha na jirani yako anayepakia Fuso la magunia 60. Sokoni Mwanjelwa mteja hajali gunia limepanda gari gani.

Hadtop inalipa kwenye kipande ambacho Fuso halifiki: kutoka shambani, kwenye ile njia ya udongo mwekundu inayogeuka sabuni mwezi wa pili, hadi pale Fuso linaposimama. Kilometa nne, tano, nane. Kwenye kipande hicho, masika, wenzako wamekwama na mzigo unalala shambani, na mwenye fowili, yaani gari linalovuta kwa tairi zote nne, ndiye anayepanga bei. Kama ndivyo unavyotaka kulitumia, yaani hadtop likusanye na lori la kukodi lishushe mjini, biashara ipo. Kama ulitaka lifanye safari nzima kila mara, basi hata ukipewa kwa milioni 20 litakula faida yako polepole bila kukuambia.

Kuna jambo jingine la barabara. Lami inapanda milimani. Njombe hadi Makete leo ni lami, Mbeya hadi Chunya vilevile, na upande wa Isyonje kazi imekuwa ikienda kipande kwa kipande. Gari la kazi nzito unalinunua kwa ajili ya barabara za miaka mitano ijayo. Kwa upande wako sina wasiwasi sana, maana lami ikifika barabara kuu ya kijiji bado haitaingia mashambani. Ila angekuwa anauliza mwalimu wa Makete mjini, ningemwambia anunue gari dogo na abaki na hela zake.

Haya, tuingie shimoni.

Swali la kwanza kwa muuzaji: gari hili limeishi wapi? Mkae mnywe chai, aeleze historia. Gari lililoishi Mbeya, Songea au Sumbawanga lina tope. Lililoishi Mtwara, Tanga au Kigamboni lina chumvi ya bahari, na chumvi haioni huruma. Tope lenyewe nalo si la kupuuzwa: likijaa ndani ya bomba la chasisi na kukaa humo miaka, linashika unyevu, na kutu inaanzia ndani ambako macho hayafiki. Ndiyo maana fundi wako awe na nyundo ndogo. Apige kidogo kidogo kuanzia mbele kurudi nyuma, pande zote mbili. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufifia, na mara nyingine nyundo inazama. Asikimbilie katikati, hapo huwa pazuri. Aangalie pale springi za nyuma zinapofungwa, akaangalie kipande cha chuma cha mwisho kinachokatisha nyuma, kisha arudi mbele pale boksi la stelingi linapokazwa kwenye chasisi. Hapo kwenye stelingi atafute nyufa nyembamba kama unywele na alama za kuchomelea. Mtu aliyechomelea vizuri hafichi. Aliyeficha kwa puti na rangi ana sababu.

Ukikuta chini ya gari kote kumepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, inanukia bado, mimi hupunguza bei kichwani papo hapo. Hakuna mtu anayepaka rangi mpya tumboni mwa gari la miaka 30 kwa sababu ya mapenzi. Chukua bisibisi, ukwangue sehemu mbili tatu. Akikataa usikwangue, umeshajibiwa.

Bodi ni rahisi zaidi. Hadtop hizi zinaoza kwenye mifereji ya maji juu ya paa, chini ya kioo cha mbele, na sakafuni chini ya kapeti. Nyanyua kapeti. Kutu ya bodi haimzuii mtu kubeba viazi, lakini inashusha bei, na wewe unahitaji bei ishuke.

Kwenye ekseli ya mbele, nyuma ya rimu, utaona vyuma viwili vya mviringo vinavyogeuka pamoja na tairi. Vinatakiwa viwe na utando mwembamba wa grisi. Vikiwa vinatiririsha uji wa grisi na oili, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inahamia kwenye beringi. Inyanyuliwe kwa jeki, tairi lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, ni beringi za habu au zile za kingipini. Haya yote yanatengenezeka Mbeya hapahapa kwa siku mbili, na sikuambii uache gari kwa ajili yake. Yaandike kwenye karatasi na bei ya kila kimoja pembeni, maana karatasi hiyo ndiyo utakayoongea nayo siku ya bei.

Sasa hizo kilometa 214,000. Zisahau. Gari la mradi halikai kivulini. Miradi ya maji, ya kilimo, ya afya, magari yake yalikuwa yanazunguka wilaya nzima, na likiwa limefanya hata kilometa 25,000 kwa mwaka kwa miaka yake kumi ya mwanzo, hesabu hiyo ya dashibodi ilishapita kabla halijafika kwa mwananchi. Mita ya magari haya inaendeshwa na kebo, kebo ikikatika watu wanaendelea na safari miaka na miaka. Sisemi muuzaji ni mwongo, huenda naye alilikuta hivyo. Angalia pedali ya klachi ilivyolika, usukani ulivyong'aa, mlango wa dereva ukiufungua unashuka kiasi gani. Hivyo havirudishwi nyuma kwa bisibisi.

Pia soma kile kibati kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kiandikwe HZJ75. Kikiwa kinaanza na PZJ, gari hilo lilizaliwa na injini ya silinda tano, 1PZ, na mtu ameibadilisha baadaye. Kikiwa HJ75, ni la kabla ya 1990 na lilikuja na 2H. Kubadilisha injini si kosa, ila likiwa HJ75 mwaka 1996 unaotajwa unakuwa na maswali, na kadi lazima ioneshe injini iliyomo sasa.

Tuje kwenye injini. Mwambie muuzaji unakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi nyumbani, njoo siku nyingine. Huku kwetu baridi inatusaidia kukagua: gari la dizeli linalowaka vizuri Dar es Salaam linaweza kukugomea Uyole mwezi wa saba, kwa sababu hita plagi, zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, zimekufa na kule joto lilikuwa linaficha ubovu wake. Taa ya hita izime, apige stata mara moja. Inayozungushwa mpaka betri inalia ina shida, iwe hita plagi, iwe nozeli, iwe kompresheni imeshuka.

Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Kama inapumua kwa nguvu, inasukuma kifuniko na kutema oili, ringi zimechoka, na hapo bei inashuka kwa gharama nzima ya kufungua injini, isishuke kwa laki mbili tatu za huruma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache usikutishe.

Moshi mweusi unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu mafundi wengi wa mabondeni wanakosea hapa. Mbeya mjini tupo mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Kitulo inapita 2,600. Hewa huku ni nyembamba. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kama asilimia kumi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo zile nguvu za farasi 130 za 1HZ, ukifika Kitulo, zimebaki chini ya 100. Gari litakuwa zito, litatoa moshi mweusi kidogo ukikanyaga, na halina ugonjwa wowote. Ugonjwa huja pale mtu anapokwenda kwa fundi kulalamika halina nguvu, fundi anafungua skrubu ya pampu kuongeza dizeli. Kwa wiki moja mwenye gari anafurahi. Dizeli imeongezeka, hewa haijaongezeka, joto linapanda, na siku moja kwenye mlima silinda hedi inapasuka. Muulize muuzaji waziwazi kama pampu iliwahi kuguswa. Na kama kuna mtu ameifunga turbo ya kuokoteza kwenye 1HZ hii, achana nayo, hata iwe inapaa.

Joto lenyewe lina siri ya milimani. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema: Kitulo yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kile kifuniko kinachoshikilia presha. Kifuniko kilicholegea unaweza kuishi nacho Kyela mwaka mzima, ukapandisha nacho Matamba siku moja gari likachemsha. Ni kitu cha bei ndogo, kibadilishe siku ya kwanza bila kujadiliana na mtu.

Kisha panda mlima. Gari liko Soweto, barabara ya Chunya iko hapo jirani, inaanza kupanda ukitoka tu mjini na inazidi mita 2,400 kule juu. Ingieni watu wanne au wekeni mifuko ya mchanga nyuma, maana gari tupu linadanganya. Macho yako kwenye mshale wa joto muda wote. Mshale ukipanda kidogo na kutulia, vizuri. Ukipanda na kuendelea kupanda, rejeta imeziba, au feni, au kuna jambo kubwa zaidi. Mkifika juu mliache gari lingurume dakika tano bila kukanyaga akselereta, mguse mipira ya maji kwa nje, msifungue kifuniko. Mpira uliokakamaa kama jiwe mara tu baada ya kuwasha gari la baridi ni dalili ya gesi kuingia kwenye maji.

Kushuka ndiko kunakoonesha zaidi, na ndiko watu wanakosahau. Mshuke kwa gia ya pili, mguu umetoka kwenye akselereta, bila kukanyaga breki. Gia ikiruka yenyewe kurudi huru, giaboksi imelika, na kwenye zile kona za Hamsini na Saba ukiwa na magunia manane hilo si jambo la kujadiliana bei. Hilo litengenezwe kabla gari halijapanda tena. Breki nazo: pedali isizame, isiwe ngumu kama ubao. Pedali ngumu mara nyingi ni pampu ya vakyumu inayosaidia breki.

Fowili usiijaribu kwenye lami. Gari hili mbele na nyuma vikiunganishwa vinazunguka pamoja, kwenye lami vinagombana na unaweza kuharibu kitu. Tafuta udongo. Zungusha zile kofia za habu za mbele kwa mkono wako mwenyewe. Hadtop nyingi mjini hazijazungushwa miaka na zimeganda. Ingiza fowili, ingiza gia nzito, songa mbele, rudi nyuma. Ukisikia mlio wa kusaga au lever inajirudisha, andika kwenye ile karatasi.

Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilometa 100,000. Kwa kuwa dashibodi haiaminiki, chukulia haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na injini imenoki.

Nirudi kwa mzee na Prado yake. Asione nampinga. Prado ya 1998 yenye injini ya 1KZ, lita tatu na turbo, ni gari tamu, laini, fowili yake iko muda wote, na kwa familia inayokwenda Tukuyu na Njombe mara kwa mara ningewaambia nunueni. Tatizo lake linajulikana na kila fundi: silinda hedi yake ya alumini haisamehe joto. Ikichemsha sawasawa mara moja inaweza kupasuka, na zile zilizopasuka zikazibwa ndizo zinazouzwa. Pampu yake ina umeme, hivyo fundi wa kijijini anakwama. Springi zake za mbele na mikono ya chini zilitengenezwa kwa starehe. Kwa magunia manane kila siku kwenye makorongo zitaomba bushi na boli joint kila baada ya miezi michache. Milioni 20 zake, kwa kazi yako, zingefika zilipo milioni za hadtop ndani ya miaka miwili.

Kuna watakaokushauri Land Rover 110 ya 300Tdi kwa kuwa ni rahisi zaidi. Milima hii imebebwa na Land Rover tangu enzi za wazee wetu, na bodi yake ya alumini haiozi. Lakini chasisi yake ni chuma na inaoza hasa nyuma, na inataka mwenye gari anayependa kushika spana kila Jumapili. Wewe Jumapili uko kanisani na Jumatatu uko sokoni. Tuliache.

Sasa milioni 28. Gari la umri huu lina bei mbili: unayompa muuzaji, na unayoipa gari lenyewe ndani ya mwaka wa kwanza. Matairi matano ya kazi, mkanda wa taimingi na vishikizo vyake, oili zote za injini, giaboksi, transfa na difu mbili, vichujio, mipira ya maji, betri, sili za mbele, breki nyuma. Hapo hakuna kilichoharibika bado, ni kuliweka gari sawa tu. Mimi hutenga robo ya bei ya kununulia, na anayetenga pungufu huishia kuliegesha. Una milioni 36. Ukinunua kwa 32 unabaki na nne, na nne ni nusu tu ya robo hiyo, ambayo ni nane, hapo bado hujanunua viazi. Ukinunua kwa 28 unabaki na nane: saba ni za gari, moja ni ya TRA, bima na wakili. Ndiyo maana nikasema 28. Na kumbuka mtaji wa viazi uwe nje ya hizi 36. Kama umo ndani, basi jibu langu linabadilika kuwa usinunue msimu huu, kodi hadtop ya mtu kwa siku unazohitaji na uone hesabu inakaaje.

Bima kubwa kwa gari la umri huu kampuni zinaweza kukukatalia, kwa hiyo hesabu kwamba utabaki na ya mtu wa tatu na hasara ya ajali ni yako. Ukianza kubeba viazi vya wenzako kwa nauli, ujue umeingia kwenye biashara ya usafirishaji na LATRA wanakuhusu.

Mwisho ni karatasi, na kwa gari lililokuwa la mradi karatasi zina uzito wa chasisi. Magari ya miradi mengi yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi, yakatembea na namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili. Yanapohamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inatakiwa ilipwe. Kuwa na namba ya T sasa hivi ni dalili nzuri lakini usiishie hapo: nenda TRA na nakala ya kadi, hakikisha mwenye jina kwenye kadi ndiye anayekuuzia, na kwamba hakuna deni la kodi linalolala. Kama lilinunuliwa mnadani, aoneshe stakabadhi za mnada. Linganisha namba ya chasisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Futa tope, soma tarakimu moja moja, na uangalie kama chuma kilichozunguka namba hakijakatwa na kuungwa. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari. Madeni ya leseni ya gari ya kila mwaka asikutishe nayo mtu, ada hiyo ilifutwa mwaka 2017. Akisema kadi halisi iko benki, maana yake gari ni dhamana ya mkopo, na mazungumzo yahamie benki kwenyewe.

Mkikubaliana, mpe ya kushikia kidogo tu ya kumfanya asiliuze kabla hujamaliza ukaguzi, mwandikishane. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, na kiasi kilichobaki kipite benki siku ileile mnayopeleka maombi ya kuhamisha umiliki TRA. Wapo wanaokaa na kadi ya jina la mtu mwingine miaka mitano ili kukwepa ada, halafu mwenye jina anafariki na warithi wanakuja kuulizia gari lao. Na ile Noah usiiuze kwanza. Ipeleke ikae na kazi za mjini mpaka hadtop imalize masika moja mlimani.